Kitambaa Cheupe cha Mzee Desderi

Asubuhi niliyoondoka Milepa, kijiji chetu cha bondeni, sikumuaga mtu. Sikujua ninakwenda wapi, na mtu akikuuliza unakwenda wapi nawe huna jibu, mazungumzo huwa marefu. Nilibeba shati la pili, kisu, na viazi vitatu vya kuchemsha. Kufikia hapo nilikuwa nimeshavuta nyavu za watu, nimepasua mbao, nimechunga ng'ombe wasio wangu, na kwa miezi minne nilisukuma baiskeli ya katekista mmoja aliyeogopa miteremko. Shule niliiacha darasa la nne. Wengine huacha kwa kukosa ada au kwa kukosa akili. Mimi dirisha la darasa langu lilitazama barabara.

Nilipanda ukingo wa bonde kwa miguu. Siku ya pili nikafika juu, Ufipa, na baridi ya huko ikanishika magoti. Nilipoingia Sumbawanga jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka, na sisi watu wa bondeni hatuna haya mbele ya jua. Nikatafuta ukuta unaolitazama, nikaegemea. Ulikuwa ukuta wa bati wa jengo refu lisilo na madirisha ya maana. Kabla sijapata joto nikasikia harufu.

Mzee mmoja mwembamba akaja na rundo la funguo. Alivaa koti la kaki lililofungwa vifungo vyote.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Ukuta huu hauegemewi.”

“Nisamehe, mzee. Lakini kuna kitu kinavuja humo ndani.”

Alisimama. “Umejuaje?”

“Harufu. Kama mafuta ya taa na kitunguu saumu kilichooza.”

“Upande gani?”

Nikatembea kando ya ukuta nikinusa kama mbwa, nikaweka kiganja kwenye bati. “Hapa.”

Akafungua mlango, akaingia, akakaa huko kitambo. Alipotoka mikono yake ilikuwa na glavu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta nyoka chini ya mto na kumwahi. Akaniuliza swali moja tu: “Umekula?”

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Ninyi vijana wa ghala mnaoniambia kwamba siku hizi usaili una karatasi tatu, nawapa pole.

Mzee yule aliitwa Desderi, na jengo lile lilikuwa ghala la dawa za kilimo na mifugo. Kulikuwa na mapipa ya dawa ya josho, makopo ya dawa ya kunyunyizia maharage, sumu ya panya, na magunia ya mbegu zilizochanganywa na dawa. Desderi alikuwa amefanya kazi kati ya vitu hivyo kwa miaka mingi, hapo na kwingine, enzi ambazo hakuna aliyewapa glavu wala maelezo. Pua yake ilikuwa imekufa.

“Nakula maharage nasikia joto na chumvi,” aliniambia siku hiyo. “Utamu wake naukumbuka tu.”

Kwa hiyo alinichukua kwa ajili ya pua. Nilimwambia nitakaa wiki moja. Vyeo nilivyopata baadaye vimo ndani ya faili, na faili liko kwa karani, tumwachie.

Mambo aliyonifundisha mengi mnayajua, lakini mnayajua kama amri. Mimi niliyajua kwa kuuliza kwa nini, kwa sababu huo ndio ugonjwa wangu. Kwa nini dawa ya majimaji ikae chini na ya unga ikae juu? Kwa sababu pipa likivuja juu ya unga, umepoteza vyote viwili na umepata cha tatu usichokijua. Kwa nini magunia yawe juu ya mbao, na kwa nini yasiguse ukuta? Kwa sababu ghala usiloweza kulizunguka lote kwa miguu, hulijui. Kwa nini dawa iliyomwagika tusiimwagie maji? “Ukiimwagia maji,” alisema Desderi, “hujaiondoa. Umeipa miguu.” Tulimwaga vumbi la mbao, tukasubiri linywe, tukazoa kwa koleo, tukafukia mbali na kijito.

Makopo matupu tuliyatoboa kwa sururu. Hapo ndipo nilipochukiwa kwanza mjini. Miaka ile debe zima lilikuwa mali: lilichota maji, lilipima mahindi, lilichemsha pombe ya ulezi ya arusi. Siku moja mama mmoja alinishika mkono sururu ikiwa hewani.

“Wewe baba, unatoboa debe zima. Mama yako ndivyo alivyokufunza?”

“Lilikuwa na dawa ya josho, mama.”

“Si nitalisugua kwa mchanga.”

“Hata ukilisugua mpaka ujione uso.”

“Basi nipe, nijione uso tu, sitachotea maji.”

Nikalitoboa. Alinipita bila salamu mwaka mzima.

Na kulikuwa na kitambaa. Kila asubuhi, kabla ya kuhesabu chochote, Desderi aliloweka kipande cha shuka jeupe, akakikamua, akapita nacho. Alifuta vichwa vya mapipa, kizingiti cha mlango, kiti chake, hata mpini wa ufagio. Kila akifuta alikikunjua na kukitazama penye mwanga. Kisha alikifua kwenye ndoo yake maalumu, ambayo ilikuwa na mstari mwekundu na haikuruhusiwa kufanya kazi nyingine duniani. Niliona ni ushamba wa mtu asiye na pua.

“Mzee, mimi si nipo? Kikivuja kitu nitakwambia.”

“Pua inazoea,” alinijibu. “Kitambaa hakizoei.”

Nilikicheka mpaka siku ya lori la Salum. Salum alikuwa dereva wa familia moja ya wafanyabiashara wa mjini, Waislamu wenye maduka na malori mawili. Lori lake lilitupelekea mapipa kwenye majosho ya upande wa ziwani, na lilirudi na dagaa wakavu kutoka Kirando. Sheria ya Desderi ilikuwa kwamba dawa na chakula havipandi lori moja safari moja, na kati ya safari na safari sakafu ya lori ikaguliwe. Siku hiyo Salum alikuwa na haraka. Nikapanda, nikanusa mbao, nikasema ni salama. Desderi akapanda nyuma yangu na kitambaa chake, akapiga magoti, akafuta kwenye kona. Kikatoka na doa la mafuta lenye rangi ya kahawia.

“Lori hili limebeba dagaa safari kumi,” nilisema. “Ukinusa hapa unasikia dagaa tu.”

“Ndiyo maana sikunusa,” alisema Desderi.

Salum alikuwa ameegemea bodi, funguo kidoleni. “Jamani, dagaa hawaulizi walilala na nani.”

“Atakayewala atauliza,” alisema Desderi. “Leta koleo.”

Tuling'oa mbao mbili. Salum alinung'unika mpaka Namanyere, lakini tangu siku hiyo alikuwa akija mwenyewe kuomba afutiwe lori, na alitusifu kwa madereva wenzake kana kwamba kitambaa kile amekinunua yeye. Nami nilijifunza, ila nusu tu. Nilijua sasa kwamba pua hushindwa na dagaa. Sikufikiri kwamba inaweza kushindwa na kitu kingine.

Miaka hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Watu walishushwa kutoka vitongoji vyao vya milimani wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, kila kijiji na shamba lake la pamoja. Mbegu bora za mahindi zikaja kwa ajili ya mashamba hayo, zimekwisha kuchanganywa na unga mwekundu wa kuzuia wadudu. Mguu wa Desderi ulikuwa umevimba msimu ule, akanituma mimi. Nilipanda lori la Salum na magunia ya mbegu, na karatasi ya maelezo iliyotoka makao makuu, mpaka kijiji kimoja kipya upande wa Matai. Jina la kijiji nitaliacha. Wanaoishi pale leo wana haki ya kujulikana kwa mambo mengine.

Nilisimama mbele ya watu nikaisoma karatasi kwa sauti. Nilijivunia kusoma, darasa la nne langu lilikuwa limepata kazi. Mbegu hizi si chakula. Nawa mikono. Usimpe kuku. Weka mahali pakavu, juu, pasipofikiwa na watoto. Nikarudia mara mbili. Nikauliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kapele, akaniambia ghala lao bado halijaezekwa, lakini nisiwe na wasiwasi, mbegu zitakaa mahali panapofaa kama karatasi inavyotaka. Nikaondoka nikiwa mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Haikupita muda mrefu Salum akaja ghalani kabla sijafungua mlango wa pili.

“Kile kijiji ulichokwenda kuhutubia,” alisema, “watu wanatapika. Wote waliokuwa shamba la pamoja. Midomo inakufa ganzi. Mzee mmoja wamempeleka hospitali ya misheni kwa machela. Na wameshamshika mpishi.”

Mpishi nilimkumbuka. Mama Oresta, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, aliyekuwa akipikia watu wa shamba la pamoja. Salum alinieleza yaliyosemwa njiani. Mama Oresta alihamishwa kutoka kitongoji chake akiacha matuta yake ya majani yaliyokwisha kuoza vizuri, tayari kwa kupandwa, na alisimama mkutanoni akasema hadharani kwamba wamemwonea. Sasa waliokula chakula chake wanaumwa. Kijiji kilikuwa kimefanya hesabu hiyo haraka. Kesho yake kungekuwa na mkutano, kisha mgambo wangemkabidhi polisi, na nyumba yake na watoto wake wangeondolewa kwenye mstari.

Desderi aliniambia niisome ile karatasi. Nikaisoma. Akafumba macho akisikiliza.

“Karatasi haina kosa,” alisema. Akafikiri tena. “Nenda.” Akaninyooshea kitambaa, kikavu, kimekunjwa.

“Nina pua, mzee.”

“Nenda nacho.”

Nilimkuta Mama Oresta ameketi nje ya jiko lake juu ya kigogo, mgambo mmoja kando yake akiona aibu na rungu lake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye wa karatasi.”

“Ndiye mimi.”

“Karatasi yako nimeitii yote. Nimenawa, nimefukuza kuku. Waambie hivyo angalau.”

“Naomba kuingia jikoni kwako.”

“Hakuna mwanamume anayeingia jikoni kwangu. Lakini leo kwangu si kwangu. Ingia.”

Lilikuwa jiko kubwa la udongo, limeezekwa nyasi, lenye mafiga ya chungu kikubwa katikati. Moto wa chini kwa chini ulikuwa bado unafuka. Nikasimama nikavuta hewa kwa pua yangu maarufu. Moshi. Nikainama penye unga, penye maji, penye maharage. Moshi, moshi, moshi. Nilikuwa kama Desderi. Nilisimama pale kama mtu aliyezimiwa taa, na kwa mara ya kwanza nikaelewa alichokuwa akiishi nacho kila siku.

Nikaloweka kitambaa. Nikafuta mfuniko wa chungu. Nilitarajia masizi, na masizi yalikuwapo, lakini ndani ya weusi ule kulikuwa na wekundu, kama wino wa mwalimu. Nikafuta mwiko. Wekundu. Nikafuta ukuta wa mbali, karibu na mlango. Masizi matupu.

Ndipo nikatazama juu.

Juu ya mafiga kulikuwa na kichanja cha fito, na juu ya kichanja magunia yangu, yamepangwa vizuri kabisa. Pakavu, kwa sababu moto hauzimiki. Juu. Watoto hawafiki. Kila nyumba ya Ufipa ina kichanja kile juu ya moto, na mbegu za mwakani hukaa pale tangu zamani ili moshi uzilinde na wadudu. Kwetu bondeni tulipikia uani na mbegu tuliziweka kwenye kighala cha nje, kwa hiyo sikuwahi hata kukifikiria. Magunia yale ya katani yalikuwa na matundu kama chujio. Kila moto ulipochochewa, unga ulishuka kidogo kidogo chunguni, na kijiji kizima kilikuwa kimekula karatasi yangu.

Nikatoka. Mama Oresta aliniangalia usoni akajua nimeona kitu.

“Nani alichagua pale?” nilimuuliza.

“Mwenyekiti alisema kichanja changu ndicho kikubwa. Na wewe ulisema pakavu, juu. Uliniacha na mahali pangapi?”

Nilikwenda kwa Mwenyekiti Kapele kabla ya mkutano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kijiji kipya na wagonjwa, na wakubwa waliokuwa wakimwuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akanipa njia.

“Ndugu, tuseme hivi. Mama huyu hakusikiliza maelezo. Ni kosa la masikio, si la moyo. Polisi hatutawaita. Ataacha upishi, ataomba radhi, yamekwisha. Nawe utabaki na kazi yako.”

Nawaambia ukweli, wenzangu. Niliitazama barabara. Ile iliyopita mbele ya kijiji ilikuwa inakwenda Kasanga, ziwani, na mimi Kasanga sikuwahi kufika. Maisha yangu yote jambo likiwa gumu nilikuwa nikikumbuka mahali ambapo sijafika. Viazi nisingepata, lakini shati la pili nilikuwa nalo.

“Masikio yake ni mazima,” nilisema. “Naomba masinia mawili meupe.”

Watu walipokusanyika niliweka sinia moja juu ya mafiga ya Mama Oresta, chini ya magunia, na la pili juu ya mafiga ya mwenyekiti mwenyewe, chini ya mahindi yake ya kienyeji. Mioto yote miwili ikachochewa kwa ukuni mmoja mmoja pembeni. Nikawaambia tusubiri. Kusubiri mkutanoni ni kazi ngumu. Watu walianza kuzungumza, kisha kunisema.

“Huyu amekuja kupika masinia.”

“Anatafuta uchawi kwa mvuke.”

“Mwacheni, ni mtu wa bondeni, anaota moto.”

Muda ulipotosha nikayatoa yote mawili juani. Nikakipasua kitambaa cha Desderi vipande viwili, na sikukipasua bila kuumia. Nikafuta sinia la mwenyekiti, nikakishika juu: weusi. Nikafuta la Mama Oresta, nikakishika juu. Wekundu. Wanawake ndio waliosogea kwanza. Wakavitazama vipande, wakatazama upande wa jiko, na mmoja baada ya mwingine nikawaona wakiinua macho juu, kila mmoja akiangalia kichanja cha nyumbani kwake ndani ya kichwa chake.

“Niliyewaambia pakavu na juu ni mimi,” nilisema. “Mama huyu alifanya nilivyosoma. Hapa kwenu, mahali pakavu, juu, pasipofikiwa na watoto, pako wapi pengine?”

Bibi mmoja mzee sana akajibu kwa Kifipa, na kijana akatafsiri kwa ajili yangu: hapana pengine.

Mwenyekiti Kapele alikuna kidevu. “Sasa tumfunge nani?”

“Karatasi,” alisema Mama Oresta kutoka kwenye kigogo chake.

Wakacheka. Mgambo naye akacheka, akaondoka na rungu lake kwenda kunywa maji, na hakurudi.

Wagonjwa walipona, wengine haraka, wengine polepole. Yule mzee wa machela alirudi kijijini, ila mkono wake wa kulia haukuacha kutetemeka. Kila nilipopita pale alinisalimia kwa mkono huohuo, akiushikilia kwa wa kushoto. Hilo sikuliandika kwenye ripoti yoyote. Naliandika hapa.

Mama Oresta alikataa kurudi kupika mpaka magunia yashuke. Yaliposhuka, na chungu kikavunjwa na kufukiwa, akaniuliza, “Na majiko mengine utayaingiaje?” Kweli, vijiji vingine vilikuwa vimegawana mbegu zilezile nyumba kwa nyumba, na mwanamume mgeni kuingia jikoni kwa watu na kutazama juu ya moto lilikuwa jambo la kupigwa. Akachukua kanga yake, akanitangulia. Tulipita jiko kwa jiko, kijiji kwa kijiji, yeye ndani, mimi mlangoni nikipokea vifurushi vya mbegu. Ndiye aliyetunga maneno. Nilikuwa nikiwasomea kina mama karatasi mpya niliyoiandika, ndefu, yenye neno “unyevunyevu” mara mbili. Alinikatiza.

“Baba, mbona unazunguka? Waambie isilale nyumba moja na chungu.”

Niliporudi Sumbawanga nikamweleza Desderi yote, pamoja na kitambaa kupasuka. Akavipokea vile vipande viwili, akavilinganisha kingo.

“Mama yangu aliweka mbegu pale mpaka alipokufa,” alisema. “Nimelala chini ya kichanja kile. Na karatasi ile nimeisoma mara ngapi.” Kisha akaandika ripoti mwenyewe, akaweka jina lake juu ya langu, tukangoja kufukuzwa. Barua ilikuja baada ya miezi. Ilisema tuendelee na kazi na tuwe waangalifu. Sina hakika kama aliyeiandika alisoma tulichoandika.

Hatukungoja lebo mpya kutoka makao makuu. Tulikata herufi kwenye kipande cha bati, tukanunua rangi nyekundu, na tangu msimu uliofuata hakuna gunia la mbegu ya dawa lililotoka mlangoni kwetu bila maneno yale ubavuni: MBEGU HII ISILALE NYUMBA MOJA NA CHUNGU. Na kila kijiji kabla ya kupewa kilitakiwa kuonyesha ghala lenye paa. Wiki yangu moja ikaendelea. Kuna watu hukaa mahali pamoja kwa sababu ya ardhi au mke. Mimi nilishikwa na gunia. Desderi alipostaafu aliniachia ile ndoo yenye mstari, na vipande viwili vya kitambaa alikuwa amevishona kuwa kimoja, kwa uzi mweusi. Mpaka leo nyuzi zake zipo. Kiko kwenye msumari nyuma ya mlango. Msikifanye kumbukumbu. Kifueni, mkitumie.

Nami nilipostaafu nilirudisha funguo, nikanywa chai ya kuagwa, nikala keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa. Asubuhi iliyofuata niliamka, nikachukua shati la pili, nikatoka. Sikuwa na mpango. Lori la kwanza lililosimama lilikuwa linakwenda Kirando, na mimi miaka yote ile nilikuwa nikipakia mizigo ya Kirando bila kushuka huko hata siku moja. Nikapanda nyuma. Nilipitisha kiganja kwenye mbao kwa mazoea. Dereva akanichungulia kwa mashaka.

Tulifika alasiri. Dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, na nilijua hivyo kwa macho zaidi, maana pua yangu nayo sasa inakwenda ilikokwenda ya Desderi. Nikauliza chumba. Wakanielekeza kwa Bi Zuhura, mjane mwenye nyumba yenye vyumba viwili vya wapangaji, aliyenipokea akiwa na upawa mkononi.

“Kitanda kipo, ndoo ipo, choo kile pale. Chakula unakula tunachokula. Mzee unakaa siku ngapi?”

“Wiki moja,” nilisema.

Akanikaribisha nikae mlangoni mwa jiko wakati anamalizia ugali. Nikaweka mfuko chini. Na kabla sijajizuia, macho yangu yakapanda juu ya moto. Kichanja kilikuwapo, kwa maana watu wa ziwani nao wana ndugu zao Ufipa. Juu yake kulikuwa na mahindi ya kienyeji, yamefungwa kwa majani yake, meusi kwa moshi.

“Unatafuta nini huko juu, mzee?”

“Naangalia mbegu zako. Hizi ndizo zote?”

“Za kwetu hizo. Zile za dukani, za dawa, ziko bandani kule nyuma.” Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima aliyepitwa na mambo. “Zile hazilali nyumba moja na chungu. Kwenu hamkufundishwa?”

“Nani aliwafundisha ninyi?”

“Mama yangu. Naye aliambiwa na mpishi mmoja wa kule juu, upande wa Matai, mwanamke mrefu. Alipita hapa na kijibwana fulani cha kubeba vifurushi.”

Hatukuwahi kufika Kirando, mimi na Mama Oresta. Maneno ndiyo yaliyofika, na njiani yakaniokota mimi na vifurushi vyangu. Nikamwambia Bi Zuhura kwamba nimesikia, na kwamba nitakumbuka. Akafunua chungu, akanipakulia, nami nikanawa mikono, nikala.